Dakika Tano za Askofu



Mpendwa msomaji, naomba leo nikusimulie jioni moja niliyokaa ukumbini kwa karibu saa tatu nikitazama mchezo wa kuigiza. Najua wapo watakaojiuliza: padri na maigizo, wapi na wapi? Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo. Maigizo niliyoyazoea ni yale ya Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, vijana wa parokia wakiwa wamejifunga mashuka na askari wa Pilato wakishika mikuki ya mianzi. Mengine ni yale ya sikukuu ya msimamizi wa seminari, ambapo lazima frateri mmoja aige sauti ya Gombera ili watu wacheke. Maigizo ya kukata tiketi na kukaa kwenye kiti cha mahameli sikuwahi kuyaona.

Wakati huo nilikuwa nasoma Sheria za Kanisa mjini Roma. Likizo ya kiangazi inapofika, wengi wetu tunaotoka Afrika huenda kusaidia katika parokia mbalimbali za Ulaya, ili maparoko wapate kupumzika nasi tupate nauli na fedha kidogo ya vitabu. Mwaka huo nilipokelewa katika parokia moja kusini mwa London. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, muuguzi mstaafu mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa amenunua tiketi mbili kwa ajili yake na dada yake. Dada akateguka mguu. Baada ya Misa ya asubuhi mama yule akanifuata sakristia.

"Padri, Jumatano usiku huna kazi. Nimeshaangalia ratiba ukutani."

Nikamuuliza ni mchezo gani. Akanitajia *Les Misérables*. "Kuna askofu ndani yake," akaongeza, kama mtu anayemwonyesha mtoto pipi ili aache kulia.

Basi Jumatano tukapanda treni. Tulipotoka kituo cha Piccadilly Circus ilikuwa imeshapita saa moja usiku, lakini jua la kiangazi lilikuwa bado linawaka kama saa kumi ya kwetu. Ukumbi uko barabara ya Shaftesbury Avenue, hatua chache kutoka hapo. Siku hizi unaitwa Sondheim. Ulifunguliwa mwaka 1907 kwa jina la Queen's, ukapigwa bomu mwaka 1940 wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukafunguliwa tena mwaka 1959, na jina likabadilishwa mwaka 2019. Viti vyetu vilikuwa vya bei ya chini, maana yake vilikuwa juu kabisa. Tulipanda ngazi hadi mama akasimama mara mbili kuvuta pumzi. Nilipoketi na kutazama chini, niliona vichwa vya watu kama mbegu za papai, na mbele ya jukwaa shimo ambamo wapiga vyombo walikuwa wanajiweka sawa.

Kabla taa hazijazimwa, mama alinieleza habari za mchezo, na mengine niliyasoma baadaye. Hadithi yenyewe inatoka katika kitabu cha Victor Hugo, Mfaransa, kilichochapishwa mwaka 1862. Ni kitabu kinene sana. Kanisa halikukipokea vizuri: kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1864, kikaondolewa humo mwaka 1959. Jambo la ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kinaanza na habari ndefu za askofu mtakatifu, maskini wa hiari, aliyehama jumba lake ili liwe hospitali. Hugo alimchora kwa kumtazama mtu halisi, Askofu Miollis, aliyeongoza jimbo la Digne kuanzia mwaka 1805 hadi 1838. Miaka mingi baadaye Wafaransa wawili, Claude-Michel Schönberg aliyetunga muziki na Alain Boublil aliyetunga maneno, waliigeuza hadithi hiyo kuwa mchezo wa kuimbwa. Ulionyeshwa Paris mwaka 1980. Mwaka 1985 ukaanza London kwa Kiingereza, na tangu hapo watu hawajaacha kuufuata.

Taa zikazimwa. Okestra ikapiga kwa kishindo hadi nikahisi kiti kinatetemeka.

Tuliwaona kwanza wafungwa wakifanya kazi ya kuvunja mgongo, huku wanaimba kwa sauti nzito. Miongoni mwao yumo Jean Valjean. Aliiba mkate kwa ajili ya mtoto wa dada yake mwenye njaa. Alihukumiwa miaka mitano, akajaribu kutoroka mara kadhaa, ikawa miaka 19. Anaachiliwa mwaka 1815 akiwa na karatasi ya manjano ambayo lazima aionyeshe kila aendako. Kila anayeisoma humfukuza. Anapewa ujira nusu, ananyimwa chumba, anatukanwa. Nilitazama haya yote yakipita haraka haraka, nami nikakumbuka vijana wetu wanaotoka gerezani, ambao hata kwenye jumuiya ndogondogo watu husogeza viti kuwapisha, na sababu si heshima.

Ndipo akatokea askofu. Mzee, hana fimbo wala kofia ya kiaskofu. Anamkuta Valjean amejikunja nje, anamkaribisha ndani, anampa divai, mkate na kitanda. Usiku Valjean anaiba vyombo vya fedha na kukimbia. Askari wanamkamata na kumrudisha. Wanasema: huyu anadai ulimpa vyombo hivi. Ukumbi wote ukanyamaza. Askofu anajibu kwamba ni kweli, alimpa. Tena anamlaumu rafiki yake kwa kuondoka haraka na kusahau vilivyo bora zaidi. Anachukua vinara viwili vya fedha na kumwongezea. Askari wanapoondoka, anamwambia atumie fedha hiyo awe mtu mwema, kwa kuwa roho yake sasa ni ya Mungu.

Kisha askofu akaondoka jukwaani. Basi. Sijui kama zilifika dakika tano. Nilimsubiri arudi, maana kwa akili yangu mhusika mwema namna ile lazima arudi. Hakurudi tena.

Hadithi ikaendelea bila yeye. Valjean anachana karatasi yake, anabadili jina, na baada ya miaka minane tunamkuta ni meya na mwenye kiwanda. Anafanya mema, lakini si malaika: msichana mmoja, Fantine, anafukuzwa kazi kiwandani mwake kwa sababu meya ana haraka na amemwachia msimamizi alimalize jambo hilo. Fantine anauza mkufu, nywele, mwishowe mwili wake, ili kumlisha mtoto wake Cosette. Nyuma ya Valjean yuko Inspekta Javert, mtu wa sheria, ambaye hajasahau namba ya mfungwa wake. Mtu mwingine anapokamatwa kwa makosa akidhaniwa kuwa ndiye Valjean, meya anajitokeza mahakamani mwenyewe na kujitaja. Nilijikuta nimeshika kingo za kiti.

Nieleze kidogo kuhusu uimbaji, kwa sababu kwaya zetu zina la kujifunza hapo. Karibu hakuna maneno yanayosemwa tu; hata kuulizana habari wanaimba. Mwanzoni nilisumbuka. Baada ya robo saa masikio yakazoea, kama mgeni anavyozoea Misa inayoimbwa yote. Halafu tuni zinarudi. Tuni aliyoiimba mmoja akiwa na hasira, mwingine anaiimba baadaye akiwa anasamehe, nawe unahisi kitu moyoni kabla hujakielewa. Sehemu ya kwanza inafungwa na wahusika karibu wote wakiwa jukwaani, kila mmoja anaimba lake: wapendanao wanalilia kutengana, wanafunzi wanajiandaa kwa mapinduzi, wezi wanahesabu watakachopora, Javert anapanga mtego. Sauti zote zinapishana bila kugongana. Niliwaza kwamba huenda ndivyo maombi yetu ya Dominika moja yanavyomfikia Mungu.

Taa zikawashwa kwa mapumziko. Waingereza wakapanga foleni kununua aiskrimu za vikopo vidogo. Mama akaniletea kikopo na kijiko chake, akaketi.

"Nina swali, Padri. Nimeuona mchezo huu mara nne na sijawahi kukaa karibu na mtu wa kumuuliza. Yule askofu alidanganya?"

Nilifurahi. Hilo ni swali la chumba cha mtihani, na mimi nilikuwa mwanafunzi. Nikamwambia kwamba Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na kwake kila uongo ni dhambi, hata ule wa kumwokoa mtu. Mtakatifu Toma wa Akwino anamfuata. Kwa hiyo ingeonekana askofu alikosa, ingawa kosa dogo. Lakini, nikaendelea huku kijiko kikining'inia, katika kitabu chenyewe Hugo ameweka jambo ambalo jukwaani halikupata nafasi. Asubuhi ile, kabla askari hawajafika, mtumishi wa nyumba analalamika kwamba vyombo vimeibwa, na askofu anamjibu kwamba alivishikilia kwa makosa muda mrefu, vilikuwa mali ya maskini, na yule mgeni alikuwa maskini. Alishavitoa moyoni. Askari walipouliza, alisema ukweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba si wizi pale ambapo ridhaa ya mwenye mali inaweza kudhaniwa, au pale mtu mwenye dhiki ya wazi na ya haraka hana njia nyingine ya kupata chakula, nguo au mahali pa kulala. Na namba 2446 inamkumbusha Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyefundisha kwamba kutowashirikisha maskini mali zetu ni kuwaibia.

Mama alikuwa ananisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo," akasema, "aliulizwa swali lenye majibu mawili ya kweli, akachagua lile lenye huruma."

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakosa neno. Aiskrimu ikayeyuka mkononi. Maneno yake yalikuwa yamenirudisha mbali sana na London, kwenye chumba kidogo chenye harufu ya nta.

Nilikuwa kidato cha tano katika seminari ndogo, nami nilikuwa kiongozi wa sakristia. Funguo zilikaa kwangu. Jenereta yetu ilizimwa saa nne usiku, na baada ya hapo kuwasha taa yoyote bwenini lilikuwa kosa. Mishumaa ya altare ilipofikia urefu wa kidole, niliitoa na kuweka mipya. Vile vipande nilivitupia kwenye boksi la kadibodi chini ya meza. Hapakuwa na utaratibu wowote juu yake. Wapishi walipohitaji, niliwapa. Siku moja nilimpa mzee aliyekuja kurekebisha bomba.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, mpole, aliyekuwa anashindwa Hisabati na Kilatini. Alikuwa tayari ameonywa mara moja kwa kusoma usiku. Katika ukaguzi wa bweni, mlezi wa nidhamu alikuta ndani ya tranka lake vipande saba vya mishumaa na kiberiti. Vya altare. Habari ikaenea kabla ya chakula cha mchana: mwizi wa sakristia.

Baba Gombera aliniita ofisini. Kijana alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Vipande saba vilikuwa mezani, juu ya gazeti.

"Vipande hivi unavifahamu?"

"Ndiyo, Baba. Vimetoka sakristia."

"Ulimpa wewe?"

"Hapana, Baba."

Gombera alivitazama vile vipande muda mrefu. Halafu akauliza tena, polepole, "Una hakika si wewe uliyempa?"

"Nina hakika, Baba Gombera."

Nilisema kweli. Sikuongeza neno hata moja. Sikusema kwamba vilikuwa vipande vya kutupwa, kwamba niliwapa wengine bila kuulizwa, kwamba angeniomba ningempa na huenda ningemwongezea. Hayo nayo yalikuwa kweli. Lakini mimi nililinda funguo zangu, na nilipenda nionekane kijana asiyependelea mtu. Muhula ulipokwisha, yule kijana alifunga tranka lake na hakurudi. Mimi nilisifiwa kwa uaminifu. Baadaye sana, nikiwa frateri, ndipo nilipojiuliza kwa nini Gombera aliuliza mara mbili. Nadhani mzee yule alikuwa ananifungulia mlango, nami nikaufunga.

Kengele ya kutuita ndani ikalia. Sehemu ya pili niliitazama kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Hiyo ni sehemu ya Paris ya mwaka 1832. Vijana wanafunzi wanajenga kizuizi mtaani kwa meza, viti na magurudumu, wakiamini watu watainuka pamoja nao. Watu hawainuki. Mmoja mmoja wanauawa, hata mtoto mdogo wa mtaani aliyekuwa anawachekesha. Usiku wa kuamkia kufa kwao, Valjean anapiga magoti karibu na kijana Marius aliyelala, mchumba wa Cosette, anamwomba Mungu amrudishe kijana huyo nyumbani hai, hata kama yeye mwenyewe itampasa afe. Ni sala inayoimbwa kwa sauti nyembamba ya juu, na okestra inainama chini yake. Watu zaidi ya elfu moja walikaa kimya. Kimya kile nimekizoea mahali pamoja tu, baada ya Komunyo. Sijui wangapi kati yao huenda kanisani. Lakini naamini wengi wao walisali pamoja na yule mtu bila kujua.

Ila macho yangu yalikuwa kwa Javert. Wengi humwona kuwa ndiye mbaya wa hadithi. Mimi niliona mseminari mzuri. Hanywi, haibi, hapokei rushwa. Anamwomba Mungu. Ana wimbo mmoja akiwa peke yake usiku, anazitazama nyota na kuzisifu kwa sababu kila moja inashika mahali pake bila kuyumba, naye anaapa kufanana nazo. Ni wimbo mzuri, na hapo ndipo unapotisha. Baadaye waasi wanamkamata, na Valjean anapewa nafasi ya kumuua. Anamkata kamba na kumwachia aende zake. Javert hawezi kulibeba jambo hilo. Amesamehewa na mwizi! Akikubali kwamba huruma ile ni haki, maisha yake yote yanabomoka. Akiikataa, inambidi amkamate mtu aliyemwokoa. Anasimama kwenye daraja juu ya mto Seine, anaimba kwa tuni ile ile ambayo Valjean aliimba mwanzoni, baada ya kusamehewa na askofu. Wanaume wawili wamepewa zawadi moja. Mmoja alilia akaanza upya. Mwingine akajitupa mtoni.

Sisi tunaosoma Sheria za Kanisa tunajua kwamba kanuni ya mwisho kabisa ya Mkusanyiko wa mwaka 1983, kanuni 1752, inatukumbusha kwamba wokovu wa roho za watu lazima daima uwe sheria iliyo kuu ndani ya Kanisa. Nilikuwa nimeikariri kwa Kilatini. Niliwahi kuitumia kupamba mwisho wa insha. Pale juu kwenye kiti changu cha bei ya chini niligundua kwamba kijana wa miaka 18 aliyesimama mbele ya Gombera alizijua kanuni zote isipokuwa hiyo.

Mwishoni Valjean ni mzee anayekufa. Amemwachia Cosette maungamo yake kwa maandishi, hakuficha kitu. Vinara vile viwili viko karibu naye. Amevibeba maisha yake yote. Waliokufa kabla yake wanakuja kumchukua. Kisha jukwaa zima linajaa, wafu na wazima wanaimba pamoja, na watu wa ukumbi wakasimama kupiga makofi. Mama alikuwa analia waziwazi kama mtu aliye nyumbani kwake. Waigizaji wakaja mbele kupokea heshima, nikamtafuta askofu. Alikuwa miongoni mwa kundi, amevaa nguo nyingine. Kumbe muda wote alikuwa jukwaani kwa sura za watu wengine, asiyetambulika, akibeba meza na kuimba na umati. Dakika zake tano zilikuwa zimekwisha mapema, lakini kila kilichofuata kilitoka mle.

Ndugu zangu waseminari, nawaachia jambo hili. Tunalelewa miaka mingi, na huwa tunawaza makubwa: parokia, mahubiri, majengo, pengine shahada. Lakini katika maisha ya watu wengi, padri hupata nafasi ndogo sana. Ni dakika tano kwenye kitubio, dakika tano mlangoni pa ofisi wakati unataka kwenda kula, dakika tano kando ya kitanda cha mgonjwa, dakika tano unapoulizwa swali moja juu ya mtu. Halafu wewe unatoka jukwaani na hadithi ya yule mtu inaendelea bila wewe. Hutajua ilivyokwisha. Kanuni zisomeni, tena kwa bidii, maana anayezijua vizuri ndiye anayejua pia mahali zinapomwachia mtu nafasi ya kupumua. Na msingoje upadrisho ndipo mjifunze huruma. Mimi dakika zangu tano za kwanza zilinijia nikiwa na funguo za sakristia.

Usiku ule nilirudi na treni ya mwisho. Nilitafuta namba ya yule ndugu katika kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Mmoja wetu alikuwa nayo. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilimweleza niliyopaswa kumweleza Gombera, nikamwomba msamaha. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akajibu: "Padri, hayo yameshapita. Mimi nilisahau zamani. Ila mama hakusahau. Ukija likizo, pita umsalimie."

Mwaka uliofuata nilikwenda. Nyumba iko vijijini Muleba, katikati ya migomba. Mama yule ni mzee sasa. Alitaka kupiga magoti kunisalimia, nikamzuia na kumwamkia mimi kwanza. Akanipa kahawa ya kutafuna, tukaketi. Nilizunguka zunguka na habari za mvua na za barabara, hadi nikaishiwa. Ndipo nikamweleza yote.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo mwanangu hakuiba?"

"Hakuiba, mama. Vilikuwa vipande vya kutupwa. Niliwapa watu wengine vile vile. Nilipoulizwa nilipaswa kusema hivyo, sikusema."

"Walisema ameiba vitu vya altare. Kijiji chote." Akanyamaza. "Miaka miwili nilikaa benchi la nyuma kabisa kanisani. Nilikuwa natoka kabla ya baraka ya mwisho nisikutane na watu mlangoni."

Sikuwa na la kujibu. Nilitazama mikono yangu. Kuku walikuwa wanaparua uani. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya chumvi, "Nawe ulikuwa mtoto, Padri."

Akainuka, akaingia shambani, akarudi amembeba mjukuu mgongoni na mwingine anaburuta mkungu wa ndizi. Akawaagiza waufunge nyuma ya gari. Nilishukuru, nikambariki, naye akaniombea safari njema. Nilikuwa nimeshawasha gari nilipomwona anakuja mbio, ameshika mfuko wa kahawa uliofungwa kwa jani la mgomba.

"Padri, ngoja! Umesahau na hii."